Ulezi Usiokaangwa

Jumanne iliyopita, katika soko la Kamwokya, nilimwona Afande Amuge akibonyeza papai kwa kidole gumba, na mwanamke huyo nilikuwa nimemhesabu maiti kwa zaidi ya miaka ishirini. Sikupiga kelele. Nilisimama na mfuko wangu wa mukene mkononi, wale dagaa wetu wa ziwani, nikamtazama shingo, nikamtazama lile kovu la juu ya nyusi, nikamtazama kifua. Upande wa kushoto blauzi yake ilikuwa imelala bapa, wala hakuwa amejaribu kuficha. Alilipia papai lake, akageuka, akanikuta nimemkodolea macho. “Wewe si ile binti ya cherehani?” akasema, kwa Kiswahili cha kambini ambacho sisi tuliokulia kwenye nyumba za polisi tulikijua kabla ya lugha za mama zetu. “Iko nini? Unaangalia mimi kama mzimu.” Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga. Nasema kweli, kumpiga, mwanamke wa miaka sitini na kitu mwenye papai mkononi. Ili mtu aielewe hasira ile, inabidi nirudi kwenye mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa, mwaka niliojifunza kushona kwa Mama Sauda kule Kisenyi. Ya nyumbani kwetu nayaacha, hayana kazi hapa.

Chumba cha Mama Sauda kilikuwa nyuma ya gereji, kikipakana na Msomali muuza spea na ukuta wa msikiti. Kulikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia iliyofungwa mguu mmoja kwa waya, na pazia la shuka kuukuu lenye maua ya waridi, ambalo nyuma yake wateja walivua na kujaribu nguo. Asubuhi chumba kilinuka grisi, mchana kilinuka wali wa mbuzi kutoka hoteli ya Wasomali. Saa saba tulikula kikomando, chapati zilizokatwakatwa na kuchanganywa na maharage, sote wawili kwenye sahani moja ya bati, na Mama Sauda alikuwa na tabia ya kunisukumia upande wenye maharage mengi kisha kulalamika kwamba namla hadi mifupa. Alikuwa Mnubi wa Bombo, mpana, mwenye jino moja la dhahabu na sauti ambayo mafundi wa gereji waliitii kuliko ya bosi wao. Futi yake ya kitambaa haikutoka shingoni hata alipoenda kuswali. Alishonea wake wa polisi na wanajeshi, alipanua na kupunguza sare, na mashati meupe ya matrafiki yalikuwa yakining'inia kwetu kila wiki yakingoja vifungo.

Lakini kazi iliyomfanya ajulikane na wanawake, na isijulikane na mwanamume hata mmoja, ilikuwa ya nyuma ya pazia. Mwanamke aliyekatwa ziwa hospitalini alikuja kwake kutengenezewa jingine la kuvaa ndani ya sidiria. Mama Sauda hakuliita ziwa la bandia. Aliliita mwenzake. “Leo tunashona mwenzake wa yule mwalimu,” angesema, nami nilijua. Nje ni fulana laini iliyofuliwa mara nyingi, ndani tabaka la pamba, na katikati ulezi. Pamba peke yake ni nyepesi, mtu akinyoosha mkono inampandia hadi karibu na bega, lakini ulezi una uzito, unakaa chini na unatikisika kidogo mwenye nalo anapotembea. Tulipima uzito kwa mizani ya Msomali, tukimdanganya kwamba tunapima vifungo. Na ulezi ulikuwa lazima ukaangwe kwanza. Kwenye sigiri ya makaa, sufuria pana, unakoroga kwa mwiko wa mti mpaka punje zianze kuruka na kunukia, kisha unaumwaga kwenye sinia upoe. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Siku ya kwanza nilimuuliza sababu, akanikata jicho. “Mbegu mbichi iko hai,” akasema. “Wewe nataka kuweka kitu iko hai ndani ya jasho ya mtu?”

Nilimpenda. Niseme hivyo mapema, kwa sababu yanayofuata yanaweza kusikika kama chuki. Nilimpenda kwa namna alivyowapima wanawake. Futi ilipozunguka kifua yeye hakuwa akisoma namba tu. Aliona chuchu iliyoingia ndani, aliona ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, aliona upande mmoja umeanza kuwa mzito kuliko mwaka jana, maana vipimo vya mwaka jana alikuwa navyo kichwani. Akiona kitu alinyamaza, akamaliza kupima, akasema nguo itakuwa tayari Ijumaa. Ijumaa mteja akija, nguo imepigwa pasi, imenyooka, na Mama Sauda ameikalia. Haitoki mpaka mteja alete kadi ya hospitali inayoonyesha amekwenda kupimwa matiti. Wanawake walimtukana. Mmoja alitaka kumpeleka polisi kwa kumzuilia gauni lake la gomesi la harusi, kisha akakumbuka kwamba nusu ya polisi wa mjini walikuwa wateja wetu. Wengine waliogopa kwenda peke yao, na hao Mama Sauda alifunga duka akawapeleka mwenyewe, akakaa nao kwenye benchi.

Afande Amuge alikuja Januari ya mwaka huo kupanuliwa shati. Alikuwa trafiki kwenye mzunguko mmoja wa barabara katikati ya mji, mwanamke wa Teso mwenye mabega mapana, anayecheka kwa sauti. Mama Sauda alimpima, akanyamaza, nami nilipoona amenyamaza nilijua shati lile halitoki. Ilimchukua wiki mbili kumshawishi. “Mimi nasimamisha malori,” alisema Amuge nyuma ya pazia, nami niko kwenye cherehani nikijifanya sisikii, “nitaogopa daktari? Siogopi. Sina muda tu.” Alikuwa akiogopa, sauti ilikuwa imepanda. Walikwenda pamoja. Kilikuwa kitu kidogo, ukubwa wa punje ya hindi, na daktari alisema kimeshikwa mapema. Walimkata, wakaanza kumpa dawa za kutundika kwenye mshipa, nywele zikatoka. Mwezi wa nne alikuja amefunga kitambaa kichwani, amekonda, akiwa na haraka ya kurudi kazini, na Mama Sauda akamkatia karatasi ya kipimo.

Karatasi hizo lazima nizieleze. Kila mteja wa nyuma ya pazia alikatiwa umbo la ziwa lake lililobaki kwenye karatasi nene ya mfuko wa sukari, likaandikwa jina kwa penseli, likatundikwa kwenye msumari nyuma ya pazia. Mwenzake hadumu. Baada ya miezi mitatu au minne kovu huwa limetulia, mwili umebadilika, fulana imechakaa, na mteja hurudi kutengenezewa mwingine. Aliyerudi, karatasi yake ilipunguzwa au kuongezwa kwa mkasi. Asiyerudi hadi mvua ya pili ikafika, Mama Sauda aliitoa karatasi yake msumarini, akasema inna lillahi kwa sauti ndogo, hata kama mwenyewe alikuwa Mkristo, akaiweka kwenye mkebe wa biskuti uliokuwa chini ya meza. Hatukuugusa mkebe ule. Siku moja niliweka chupa ya soda juu yake, akaiondoa bila kunitazama.

Mwenzake wa Amuge nilipewa mimi nimshone mwenyewe, wa kwanza wangu peke yangu. Nilikata vizuri, nikashona mishono miwili sambamba pembeni, midogomidogo, alama yangu ambayo mpaka leo naitumia. Ilikuwa Jumamosi, mvua imenyesha tangu asubuhi, makaa yamelowa, na Kamwokya kulikuwa na tamasha la muziki la bure lililoanza saa nane mchana ambalo rafiki zangu wote walikuwa wameshakwenda. Mama Sauda alikuwa Bombo kwenye msiba. Nilipepea sigiri mpaka mkono ukauma, moshi tupu. Nikautazama ule ulezi uliotoka soko la Kikuubo, mkavu, safi, hauna hata mdudu. Nikaumimina hivyo hivyo, bila kuukaanga, nikafunga mshono, nikakimbia. Amuge alikuja Jumatatu akamchukua, akajitazama kwenye kioo kwa ubavu, akapiga saluti. Mama Sauda alicheka mpaka jino likaonekana. Mimi nilicheka pia.

Mwezi uliofuata nilikuta kitu kwenye titi langu la kulia, nikioga. Kilikuwa kinateleza chini ya kidole. Sikumwambia mtu siku nne, kisha nikashindwa kushona mstari ulionyooka na Mama Sauda akaniuliza kuna nini, nikalia juu ya shati la polisi. Hakunibembeleza. Alifunga duka saa hiyo hiyo. Kliniki ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye benchi, na kando yetu wanawake wawili walikuwa wakizungumza juu ya jirani yao aliyekwenda kwa mganga akarudi na ziwa limeoza, wakizungumza taratibu kama watu wanaoeleza bei ya ndizi. Daktari alikuwa mwanamume, kijana. Niligoma kuvua. Mama Sauda alinifungua vifungo mwenyewe, vya shati nililolishona mimi, akalishika shati na sidiria yangu mkononi mbele ya watu wote wale wa chumbani, akaniambia, “Hakuna kitu hapa mimi sijaona. Simama sawa. Aibu tunaacha nje.” Walinipitishia mashine ya skani yenye mafuta baridi, wakanichoma sindano kuchukua maji ya pale. Baada ya wiki moja majibu yalikuja: uvimbe wa kawaida wa wasichana, si kansa. Siku ya majibu muuguzi, mama mmoja mchangamfu, alimgeukia Mama Sauda. “Na wewe, mukadde wange, mzee wangu? Kitanda kiko wazi.” Mama Sauda alikuwa ameshasimama, mkoba begani. “Mimi nilishapimwa,” akasema. “Mwezi jana. Iko safi.” Tukapita kununua samaki wa kukaanga kusherehekea, na nikala mkia na kichwa, na sikuwahi kumwamini mtu kama nilivyomwamini mchana ule.

Afande Amuge hakurudi. Mwezi wa saba ukapita, wa nane ukapita. Mama Sauda alianza kuwauliza wateja wengine habari zake, wakasema hawajamwona barabarani, kwenye mzunguko wake kuna mwingine. Namba ya simu aliyokuwa ameacha ilikuwa haipatikani. Katikati ya mvua za mwisho wa mwaka nilikuta Mama Sauda amesimama nyuma ya pazia akiwa ameshika karatasi ile, na hakusema inna lillahi. Kisha akainama, taratibu, mkono mmoja umeshika kiuno, akaiweka kwenye mkebe juu ya nyingine zote. Tangu siku hiyo alianza kuchoma udi dukani. Asubuhi, mchana, saa zote, moshi mzito mpaka wateja wakapiga chafya, na nilipolalamika alisema anafukuza harufu ya grisi. Akawa anashona amegeuza mgongo. Akawa anakula kidogo, sasa upande wote wa maharage ulikuwa wangu.

Ndipo akanipa kazi. Alikuwa ameandika vipimo kwenye kipande cha karatasi, akasema ni vya mteja wa Arua asiyeweza kusafiri, anamtaka mwenzake mkubwa kidogo, wa upande wa kushoto, mwembamba kwa ndani kwa sababu ziwa lenyewe halijakatwa, limenywea tu. Nikauliza kwa nini halijakatwa. “Atakatwa,” akasema. “Kwa sasa anataka watu wasimwangalie.” Nilimwonea huruma mwanamke yule wa Arua. Nilikaanga ulezi vizuri, nikachagua fulana laini kuliko zote, nikaweka mishono yangu miwili pembeni, na Mama Sauda alipomgeuza mkononi alisema sasa nimekuwa fundi. Nilikwenda nyumbani nikiimba.

Alianguka wiki mbili kabla ya Krismasi, saa nne asubuhi, akiwa anampima mke wa sajenti. Aliteleza taratibu akashuka na pazia lote. Yule mama alikimbia kutafuta maji, nami nikapiga magoti nikamfungua kifua apate hewa, vifungo vitatu vya juu, kama alivyonifungua mimi. Mishono yangu miwili ilikuwa pale. Nilimtoa yule mwenzake wa Arua, nikamshika mkononi, wa moto kwa joto la mwili wake, na chini yake kulikuwa na pamba na bandeji iliyolowa, na harufu ambayo udi ulikuwa ukipigana nayo wiki zote zile. Nilielewa yote kwa mara moja. Nilifunga vifungo kabla yule mama hajarudi. Nilimfichia, hata wakati ule, kwa mazoea.

Alipopata nguvu alikaa kwenye kiti chake na mimi nikafunga mlango. Nilimwambia mambo ambayo mtoto hamwambii mtu mzima. “Ulinivua mimi nguo,” nikamwambia. “Mbele ya mwanamume, mbele ya wale wanawake. Ukashika sidiria yangu mkononi. Ukasema wewe umepimwa, uko safi. Ukanishonesha. Mikono yangu hii, Mama, ukaitumia kunidanganyia mimi mwenyewe.” Aliniacha nimalize. Akasema alikwenda hospitali mwezi wa nane, peke yake, wakachukua kipande cha nyama kukipima, wakamwambia ni kansa, wakampangia siku ya kukatwa na dawa za kufuata. Hakwenda. Nikauliza kwa nini, kwa sauti ambayo gereji nzima iliisikia, maana nyundo zilinyamaza.

“Leta mkebe,” akasema.

Nilimwekea mapajani. Alizitoa zile karatasi moja moja akazipanga mezani, juu ya shati la trafiki. “Huyu mke ya koplo. Mimi nilimpeleka. Alikatwa, alipata dawa. Iko wapi? Huyu mwalimu ya Nsambya, alikuja mara moja tu. Iko wapi? Huyu, na huyu, dada yake.” Aliweka ya Amuge ya mwisho, akailainisha kwa kiganja. “Huyu nilimshika mkono. Alikwenda mapema. Ilikuwa ndogo, Achiro, wewe mwenyewe nalisikia, kama punje ya hindi. Alifanya kila kitu walisema. Iko wapi? Kama yule, na mabega yale, amekwenda, mimi mzee na hii yangu kubwa nitakwenda kukatwa ya nini?” Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kutupeleka, kwa nini alikalia nguo za watu, kwa nini alinipeleka mimi. “Daktari nasoma, mimi sijasoma. Nalisema maneno yake,” akasema. “Kuamini ni kitu ingine.”

Sijawahi kusalitiwa na mwanamume kama nilivyosalitiwa na sentensi ile. Nilikuwa nimejenga ujasiri wangu wote juu ya mwanamke yule, nilisimama uchi kwa sababu yeye alisema nisimame, na kumbe alikuwa akitusukuma kwenye mlango ambao yeye mwenyewe aliuona ni wa kaburi. Nilimwomba aende. Nilimwomba kila siku wiki zile, nikapiga magoti, nikanuna, nikamwambia sitamshonea tena mwenzake, na kweli sikumshonea. Nilikodi gari la kumpeleka, akampa dereva chai akamrudisha. Kila nilipoanza, aliniuliza Amuge yuko wapi, na mimi nilirudi kwenye cherehani. Januari binti yake alikuja kumchukua Bombo. Alifariki kabla ya mvua mpya. Nilikwenda mazishini na sikulia, nilikuwa na hasira mno, nikarudi Kisenyi nikawasha mkaa nikakaanga ulezi wa wateja wawili waliokuwa wakingoja. Cherehani aliniachia mimi, na pazia, na mkebe.

Sasa rudi nami Kamwokya. Afande Amuge alinivuta mkono tukaketi kwa mama mmoja muuza chai, akaagiza chai ya maziwa na chapati mbili, akaweka papai mezani kati yetu. Alistaafu, anaishi na mwanawe huku juu. Aliuliza kwa nini sikuwahi kumtafuta. Nikamwambia mimi ndiye nimuulize hivyo, na sauti ikanitoka vibaya. “Kwa nini hukurudi kwetu?” nikasema. “Ulipaswa kurudi mwezi wa saba.”

Akaanza kucheka, ule ule mcheko. “Banange, wewe mtoto. Ulezi yenu iliniotea!” Watu wa meza ya pili waligeuka. “Mvua ilinipiga pale kwa mzunguko siku tatu, shati imelowa, kila kitu imelowa. Siku ya ine nasikia kitu inanichoma hapa. Navua, naona miche! Nyeupe, ndogo, inatoka kwa mshono. Mimi nikacheka, nikalia, nikacheka tena.” Alikunywa chai. “Mimi mtoto ya Teso, mimi najua ulezi. Ile imekaangwa haiwezi kuota. Nikasema, mama amechoka, au mtu yake amemwangusha. Sasa nimpelekee aibu? Yeye mwenye aliniokoa? Nikatupa kwa bustani ya kambi. Ikaota yote, kuku ikala. Baadaye uhamisho ya Soroti ikakuja, huko nikazoea kukaa hivi tu, bapa. Dawa nilimalizia kule, kila mwaka wanapima, hakuna kitu.” Akafuta macho. “Ilikuwa ni wewe, eh?”

“Ilikuwa ni mimi,” nikasema.

“Nilijua tu. Na mama? Bado anakalia nguo ya watu?”

Nikamwambia. Nilimwambia yote, ya mkebe na karatasi yake iliyowekwa juu, ya swali lile la kila siku kwamba Amuge yuko wapi. Alikuwa ameinua chapati, akairudisha kwenye sahani. Aligeuka akaangalia barabara, boda zikipita, mtu akijaribu spika kwenye duka la pili. Nilingoja anikasirikie na ingekuwa nafuu. “Lakini kambi yangu ilikuwa pale,” akasema mwishowe. “Walinitoa kwa mzunguko, wakaniweka ofisini, lakini nilikaa pale mpaka mwezi ya kumi. Kutoka Kisenyi ni boda moja. Hakuna mtu alikuja kuuliza?”

Hakuna aliyekwenda kuuliza. Tuliuliza wateja, tukapiga simu moja, tukaamini msumari. Miaka ishirini nimesimulia kila mwanafunzi wangu jinsi Mama Sauda alivyonidanganya, na katika hadithi hiyo sikuwahi kutaja Jumamosi ya tamasha. Nilikuwa nimeisahau kweli, au nilikuwa nimeiweka mahali pasipofika mtu. Nimemkasirikia pia Amuge, bado nina hasira naye, kwamba mtu anaweza kupona na asipite hata mara moja kusema amepona. Nilimwambia hivyo pale pale. Akasema, “Kale, sawa, una haki,” akanikatia nusu ya papai lake nibebe.

Jioni ile niliutoa mkebe chini ya meza nikazipanga karatasi. Penseli imefifia lakini inasomeka. Leo asubuhi nilikwenda Nsambya, nikauliza nyumba hadi nyumba, mpaka nikaonyeshwa geti la bluu la yule mwalimu aliyekuja kwetu mara moja tu. Alifungua msichana mwenye sare ya shule ya uuguzi, akaniambia samahani, nyanya yake hayupo, alifariki. Nikamuuliza ni lini. Akasema mwaka juzi, kwa presha, alikuwa ametimiza themanini na moja. Nilishika geti. Nikamwomba arudie, akarudia kwa upole, akidhani mimi ni mmoja wa wale wasiosikia vizuri.